Dada yangu anataka kumtumia pesa "daktari" ambaye hawajawahi kuonana. Nimzuieje?

Mdogo_Mtu:
Wakuu salaam. Naombeni mawazo, tena ya haraka.

Dada yangu mkubwa ni mjane, mtu mzima mwenye akili zake, kazini wanamheshimu. Amepata mchumba mtandaoni. Jamaa anasema ni daktari wa upasuaji, Mmarekani, yuko Yemen na Umoja wa Mataifa, mkewe alifariki kwa kansa na binti yake anasoma bweni. Wanachati kuanzia asubuhi mpaka usiku. Simu ya video walipigiana mara moja tu, ikakatika kabla jamaa hajasema neno, eti kambini mtandao mbovu.

Sasa eti kamtumia dada mzigo wenye dhahabu na akiba yake yote amtunzie. Jana ikaja barua pepe ya "kampuni ya usafirishaji": mzigo umezuiwa forodha, alipe dola 2,850 ndani ya saa 48, la sivyo atashtakiwa kwa utakatishaji wa fedha. Nilipofungua mdomo akaniambia nina wivu. Kumbe jamaa alishamwambia mapema kwamba ndugu watampinga. Nifanyeje bila kuvunja undugu?

Nyundo:
Huyo ameshaingizwa mjini. Mjane, daktari, binti bweni, mzigo forodha, hadithi ni ile ile, wanabadilisha nchi tu. Wengine wanajiita wahandisi wa mitambo ya mafuta baharini, wengine wanajeshi wanaodai pesa ya kulipia likizo, wakati Jeshi la Marekani limeshasema mara nyingi kuwa askari halipii likizo yake. Mnyang'anye simu yaishe.

Bi_Mkubwa:
Nyundo, punguza jazba. Akimnyang'anya simu atakuwa amemtimizia tapeli utabiri wake. Hilo la "ndugu watakupinga" halikusemwa bure, lilisemwa ili siku mdogo mtu akifungua mdomo, dada awe na jibu tayari.

Mdogo_Mtu, neno tapeli lisikutoke kabisa. Mwambie, "Dada, kabla hujalipa, tuhakikishe pesa itafika panapotakiwa." Hapo uko upande wake. Na wala usimcheke. Mjane anayeulizwa kila asubuhi kama amelala vizuri si mjinga, anasikia raha kama mtu yeyote.

Karani_Mstaafu:
Nimekaa benki miaka mingi. Mapenzi yaacheni kwanza, fuateni pesa. Fungueni hiyo barua pepe, mbonyeze jina la mtumaji mwone anwani kamili, herufi kwa herufi. Kisha mbonyeze kujibu, msitume, mtazame jibu linakwenda wapi. Mwisho mwangalie akaunti ya kupokea pesa ni ya nani. Ushuru wa forodha hauingii kwenye akaunti ya mtu binafsi, haulipwi kwa kadi za zawadi wala bitikoini. Na namba ya simu iliyo ndani ya barua hiyo msiipige, itafuteni wenyewe kwenye tovuti halisi ya kampuni.

Mdogo_Mtu:
Tumekaa wote tukaifungua. Jina ni la kampuni inayojulikana, ila kwenye anwani, palipotakiwa kuwa na "m" wameweka "r" na "n" zikabanana. Kwa haraka huoni. Jibu linakwenda kwenye barua pepe ya bure. Akaunti ni ya mwanamke aliye nchi nyingine kabisa. Dada kasoma mara mbili, kanyamaza, halafu kasema, "Labda ni wakala wao."

Mshenga:
Hapo ameshaanza kuyumba, usimsukume. Pitisheni picha za jamaa kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha hiyo hiyo imetokea wapi kwingine mtandaoni, mara nyingi utakuta ni za mtu mwingine kabisa. Zisipopatikana msiseme basi ni za kweli, siku hizi picha zinatengenezwa na akili bandia. Mwanamke mmoja wa Ufaransa, habari yake ilitangazwa Januari 2025, alipoteza euro 830,000 kwa mtu aliyejifanya Brad Pitt, na picha za hospitalini alitumiwa.

Pia msidhani mnaandikiana na mtu mmoja. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kuwa watu wasiopungua 120,000 Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia, walikuwa wanalazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Huyo "daktari" wa asubuhi na wa usiku huenda ni zamu mbili.

Mdogo_Mtu:
Leo dada mwenyewe kamwandikia jamaa kwamba atalipa moja kwa moja kwenye ofisi ya kampuni. Jamaa kafoka. Baadaye akatuma sauti analia. Baada ya saa moja hivi akasema ameongea na forodha, wamekubali dola 1,200. Dada kaniangalia: "Forodha gani inayopunguza bei kama mnada?" Akazima simu akaenda kulala.

Ila kumbe kadi za zawadi alishamtumia zamani, pamoja na nakala ya pasipoti. Na baada ya uzi huu kuna mtu kanifuata inbox, anasema ni mtaalamu wa kurudisha pesa zilizotapeliwa, anataka malipo kidogo ya kuanzia.

Karani_Mstaafu:
Huyo wa inbox ni tapeli wa pili, mripoti kwa wasimamizi sasa hivi.

Chati msizifute, pigeni skrinishoti zote kwanza ndipo dada ambloku. Kampuni iliyotoa kadi ipigieni leo, salio lisipotumika wanaweza kulizuia. Benki yake ijulishwe pasipoti iko mikononi mwa watu, kisha mripoti polisi mpate hati. Na kesho jamaa akirudi na namba mpya akiomba dada ampokelee tu pesa kwenye akaunti yake na kuzituma mbele, asikubali. Yule mwanamke mwenye akaunti huenda alianza hivyo hivyo.

Bi_Mkubwa:
Na jioni mpitie, mle pamoja. Habari za daktari aanze yeye.