Watu wa Amu, tumemkagua mgombea kofia tukamwacha aende!

Nimetoka uwanja wa Mkunguni, hapa mjini Lamu, sasa hivi na hasira zangu, naandika kabla hazijapoa.

Mgombea ugavana kaja baada ya Alasiri, tumekaa naye saa moja na nusu. Mnajua tumemuuliza nini? Kofia. Ati kofia yake ya vito, zile za kudariziwa, ni ya mtambo, haikushonwa kwa mkono, kwa hiyo si mwenzetu. Mzee mmoja, tena namheshimu, kaivua kichwani mwa mtu akaigeuza ndani nje kukagua uzi! Watu wakashangilia kama goli limeingia. Uvumi huo umezunguka WhatsApp wiki mbili, hata mamangu kule Kizingitini kashatumiwa ujumbe wa sauti wa uvumi huo mara tatu.

(Ilikuwa ya mkono. Na kura yangu hapati.)

Mimi ni mvuvi, dau langu la tanga. Ilipochimbwa bandari ya Kililana, tulipokuwa tukivulia karibu pakaharibika, na Kusi ikivuma dau kama langu halitoki nje ya miamba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nilitaka atwambie yeye atasimama wapi katika hilo. Nilitaka kuuliza barafu ya samaki. Na boti ya wagonjwa je? Uvuvi na ambulensi ni kazi za kaunti kwa Katiba ya 2010, si hisani ya mtu. Lakini mjamzito wa visiwani akishikwa na uchungu usiku, ni sisi tunaompigia simu mwenye boti na kuchangishana mafuta.

Mkono nimeinua tangu mwanzo. Msimamizi akanambia, "Ngoja kaka, tumalize hili la kofia." Adhana ya Magharibi ikatukuta hapo hapo. Mgombea akaaga anacheka, na ana haki ya kucheka.

Msinijie na "kofia ni mila yetu". Ndugu yangu anazishona, moja humla miezi. Basi si mngeuliza mshonaji atauza wapi, kwa bei gani, ikiwa za mtambo zimejaa madukani? Hata hilo hamkuliuliza!

Jumanne anakuja mpinzani wake. Yake nishaisikia: ati akipanda mashua hutapika.