Rosta ya zamu tatu inamaliza nguvu za timu, niipangeje upya?

MsimamiziZamu: Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia watu 12 kwenye kituo cha kupokea simu za wateja, Dar, saa 24. Makundi matatu ya watu 4. Kila Jumatatu wanahama: usiku, mchana, kisha asubuhi. Kuanzia saa 9 usiku makosa ni mengi: namba zinanukuliwa vibaya, mteja anajibiwa kwa ukali. Semina ya kupunguza msongo haikubadilisha kitu. Nianzie wapi?

Karani_Rosta: Semina haitibu rosta mbovu. Mnazungusha kinyumenyume, mkuu. Anayetoka mchana saa 5 usiku akiripoti saa 1 asubuhi amepata saa 8 tu. Toa safari, kuoga na kula, kalala 5. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Halafu usiku saba mfululizo! Deni la usingizi hulimbikizana. Usingizi wa mchana huwa mfupi, joto na kelele za Dar ukizijua.

Gawa makundi manne ya watu 3: siku 2 asubuhi, 2 mchana, 2 usiku, 2 nyumbani. Kila wanapobadilisha zamu wanapata saa 24, na baada ya usiku wa pili saa 48. Ukitoa saa moja ya chakula kila zamu, ni saa 42 za kazi kwa siku 8. Toa rosta ya mwezi mzima mapema, maana siku za kupumzika hazitaangukia wikiendi kila mara, na hapo ndipo manung'uniko yatakapoanzia.

MsimamiziZamu: Watu 3 mchana simu zikifurika? Na chakula?

Karani_Rosta: Chakula mmoja mmoja, na kiongozi wa zamu avae hedifoni, asibaki kuzunguka nyuma ya viti. Kama foleni ya mchana bado ndefu, omba vibarua wawili, saa 5 asubuhi hadi saa 11 jioni. Usimrudishe kazini aliye mapumzikoni. Ukifanya hivyo mara mbili rosta imekufa.

BintiPwani: Usiku ruhusu kulala dakika 20 kwa kupokezana, kati ya saa 8 na saa 10, king'ora kikiwa kimewekwa. Akifika dakika 45 ataamka mzito kuliko alivyolala. Mpe dakika 10 za kunawa uso kabla ya kupokea simu. Kahawa ya mwisho saa 8 usiku. Baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Wali na maharage saa 7 usiku, hapana. Supu au matunda.

Mhasibu_wa_Mishahara: Mnasahau kitu: nyongeza ya 5% ya usiku inahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Zamu ya mchana nayo ina saa 3 humo. Watu wakigundua wamepunjwa, hata hizo dakika 20 wataziona danganya toto. Na mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua asipangwe saa hizo, pamoja na mwisho wa zamu ya mchana.