Hataza za sola za utando mwembamba zilizokwisha muda: tuanze na ipi?

Mwanga_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha umeme chuo cha ufundi, na tumepewa chumba cha kufanya maabara ndogo ya sola za utando mwembamba. Nataka wanafunzi watengeneze seli wenyewe, hata ya sentimita mbili, si kufunga tu paneli zilizokuja tayari. Nimebakiwa na hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi) tatu mezani: ya David Carlson wa kampuni ya RCA (silikoni isiyo na fuwele, 1977), ya Kodak (kadimiamu teluraidi, 1980) na ya Boeing (shaba, indiamu na seleniamu, 1982). Zote za Marekani, enzi ambayo ulinzi ulidumu miaka 17 tangu hataza kutolewa. Hata hiyo ya Boeing ilishaisha zamani. Mngechagua ipi?

DadaVolti
Silikoni iweke kando, mwalimu. Inatengenezwa kwa gesi ya silani, ambayo ikikutana na hewa tu inaweza kuwaka yenyewe. Hiyo si ya chumba cha wanafunzi.

Halafu kuna suala la kuchoka. Paneli ndogo za aina hiyo zilienea sana vijijini Kenya miaka ya 1990, na watu wakadhani wameuziwa feki kwa sababu nguvu ilishuka miezi ya mwanzo. Mara nyingi haikuwa feki: mwanga wenyewe huharibu mpangilio wa ndani, kisha hali hutulia. Watafiti Staebler na Wronski waliliona jambo hilo hapohapo RCA, 1977.

Msomaji_wa_Sheria
Kabla ya kuchagua, fahamuni hataza ni ya nchi kwa nchi. Kama haikuombwa Tanzania, moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi za Afrika lililoko Harare, hapa haikuwahi kumzuia mtu. Kuisha kwake Marekani kutawafaa siku mkitaka kuuza huko. Na iliyoisha ni ile ya mwanzo. Maboresho yaliyofuata yana hataza zake. Hataza zenyewe mnazisoma bure mtandaoni, kwenye hifadhi ya Espacenet. Kwa Bara, hadhi ya hapa ulizeni BRELA, wakala wa usajili.

FundiOmbwe
Kadimiamu teluraidi, bila kusita. Unaweka unga kwenye kisahani, juu yake kioo, mwachano wa milimita chache. Unapasha moto hadi nyuzi 500 na zaidi, unga unageuka mvuke na kuganda kwenye kioo. Mikroni (elfu moja ya milimita) chache zinatosha kunyonya karibu mwanga wote unaoweza kuutumia. Ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) linalohitajika si kali: pampu nzuri ya hatua mbili, kama ya mafundi friji, inatosha kwa kuanzia.

Ya Boeing inahitaji kuvukiza vitu vitatu kwa pamoja na kudhibiti kasi ya kila kimoja. Mtahangaika mwaka mzima.

Hatua ya kuogopwa ni kuoka kwa kloraidi ya kadimiamu, karibu nyuzi 400. Ukiiruka, seli inabaki dhaifu mno. Ni sumu, na inayeyuka kwenye maji. Mwaka 2014 watafiti wa Liverpool walionyesha kuwa kloraidi ya magnesiamu inafanya kazi hiyohiyo, nayo ni rahisi na salama zaidi. Ila huo ni ujuzi mpya, kwa hiyo kagueni hadhi yake.

MamaKemia
Naunga mkono, kwa sharti. Teluraidi haiyeyuki kirahisi kwenye maji, lakini vumbi lake likivutwa ni hatari. Kampuni ya First Solar, inayotengeneza paneli za aina hii, huchukua paneli zao zilizochakaa na kuzichakata upya. Ninyi vioo vilivyovunjika mtavipeleka wapi? Msimwage chochote kwenye sinki. Hilo mliandike kabla ya kununua gramu moja.

Mwanga_Tanga
Dada, wakuu, nashukuru sana. Tunakwenda na kadimiamu teluraidi na kloraidi ya magnesiamu, hadhi yake nitaifuatilia BRELA wiki hii. Unga hatuagizi mpaka kabati la kufyonza hewa lifungwe na pipa la mabaki lipatikane. FundiOmbwe, hiyo pampu ya friji naweza kuipata Tanga. Chemba je, umetumia bomba la kioo cha kwatzi au chuma?