Tupeane uzoefu: kipupwe cha kutembeleana, kila Jumamosi safari

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, salamu kwenu. Ninaandika haya mwishoni mwa Septemba 2024, nikiwa nimeshinda nyumbani Jumamosi nzima kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mke wangu ameshanikumbusha kwamba mlango uliolegea bawaba tangu Idd ya kuchinja bado haujatengenezwa.

Sisi ni marafiki saba tuliosoma pamoja, na sasa tumetawanyika Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tanga na Unguja. Mwanzoni mwa mwaka tuliambiana kwamba tumechoka kuonana misibani na katika vikao vya harusi tu, tukaahidiana kuwa kipupwe kikiingia tutatembeleana kwa hiari yetu wenyewe. Idd ilipoangukia Jumatatu ya tarehe 17 Juni, tuliunganisha siku tatu tukaenda Bagamoyo, tukazunguka magofu ya Kaole, tukala samaki, na kuanzia hapo sikumbuki tena ni lini nilifua nguo zangu siku ya Jumamosi.

Lililonifanya niandike ni jambo moja. Katika mojawapo ya ziara hizo tulikula, tukacheka, tukapiga picha hadi simu zikaishiwa chaji. Nilipozitazama picha usiku, niligundua kuwa mke wa mwenyeji wetu hayumo hata katika moja, kwa sababu tangu tulipobisha hodi hadi tulipoaga alikuwa jikoni. Basi ninaomba mnieleze yaliyowafika ninyi wenyewe, si ya kusikia: mnatembeleanaje mara kwa mara bila mwenyeji kugeuka mtumwa wa jiko?

Abiria wa Dirishani

Kwangu mimi treni ya umeme ndiyo iliyoleta nafuu. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, na tarehe 25 Julai ikafika Dodoma. Hapo zamani kumtembelea shoga yangu wa Morogoro kulimaanisha kulala kwake, kwa maana ukishapambana na foleni ya Kimara na malori ya Chalinze unafika ukiwa hoi, na hakuna atakayekuruhusu urudi siku hiyohiyo. Sasa ninalipa shilingi 13,000, kabla ya saa mbili kutimia nimeshafika, ninakula naye chakula cha mchana, tunatembea kidogo kuelekea miguu ya Uluguru, na jioni ninarudi kwangu. Mgeni asiyelala ni mgeni mwepesi: hakuna shuka la kufuliwa, hakuna mtoto anayehamishwa kitandani pake. Angalizo langu ni kwamba stesheni iko Kihonda, si Msamvu, kwa hiyo tengeni nauli ya bajaji. Na tiketi ya Jumapili jioni isinunuliwe Jumamosi usiku, kama nilivyofanya mara mbili nikaikosa mara zote mbili.

Nane Nane iliangukia Alhamisi, nikaomba ruhusa ya Ijumaa nikaenda Dodoma kwa rafiki yetu aliyehamia huko na wizara yake. Tulishinda viwanja vya Nzuguni hadi miguu ikavimba. Yeye ni bachela, ana sufuria mbili na sahani tatu, na sisi tulikuwa watano. Ilibidi mmoja akachinje kuku, mwingine akatafute mkaa, mwenye nyumba mwenyewe akaazime vyombo kwa jirani, tukala kwa zamu huku tukichekana. Sijala chakula kitamu kuliko kile mwaka huu wote, na ninadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa mgeni.

Mama wa Muheza

Mleta mada, mimi ninakujibu nikiwa upande wa pili wa mlango. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga, akishaiacha Segera, lazima apite kwetu Muheza, na kwa kuwa kipupwe ndicho kipindi cha machungwa, kila rafiki wa mume wangu hukumbuka ghafla kwamba hajatusalimu siku nyingi. Wanasema "tunapita tu". Kupita huko maana yake ni watu saba kuteremka saa nane mchana bila simu ya kuarifu, nami nianze kupima mchele upya. Julai nzima nilipokea wageni kila mwisho wa juma. Sisemi kwamba nilichukia, maana nyumba yenye wageni ina uhai wake, na watoto wangu hawajawahi kufurahi kiasi kile. Ninachosema ni kwamba wote waliondoka na machungwa kwenye buti la gari, na mmoja tu ndiye aliyeuliza mchele siku hizi unauzwaje.

Yupo pia bwana mmoja mkimya, sijui hata anafanya kazi gani, ambaye kabla hajaketi alizunguka nyuma ya nyumba akamkabidhi mama mkwe wangu kilo tano za mchele, mafuta ya kupikia na samaki wabichi aliowanunua njiani, kisha akarudi mbele kama mtu aliyekwenda kunawa mikono. Huyo hata akija usiku wa manane nitaamka.

Lakini kundi jingine lilinitumia fedha kwa simu siku moja kabla, likaandika "ya chakula". Nilinuna. Nilihisi nimefanywa mama ntilie nyumbani kwangu, na mume wangu alitaka kuzirudisha. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba walikuwa wamekusudia wema, na kwa kweli fedha zile zilinisaidia kuliko samaki; hata hivyo moyo wangu bado unaona kuwa kitu cha mkononi ni zawadi, na fedha iliyotajwa kazi yake ni malipo.

Kijana wa Ubungo

Mama, shikamoo. Sisi vijana wa kupanga vyumba hatuwezi kwenda hivyo, kwa sababu mwenzetu ana chumba kimoja. Agosti tulikwenda Lushoto, tukachanga shilingi elfu hamsini kila mmoja, tukakodi nyumba ya watu sita. Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona za kutisha, na baridi ya kule mimi sikuitegemea. Pale Irente, ambapo mlima unakatika ghafla na kukuonyesha tambarare yote ya chini, nilisimama nimejifunga shuka la kitandani. Ilikuwa safari nzuri. Doa lake ni kwamba mwenzetu mmoja alituambia amefiwa na shangazi, tukampa pole, na baada ya wiki mbili tukajua kwamba hakuna aliyefariki, bali alikosa hizo elfu hamsini akaona aibu kusema. Tangu siku hiyo kila mtu humtumia mweka hazina kiasi anachoweza, na mweka hazina hataji jina la mtu wala kiasi chake.

Mtu wa Kusini, Unguja

Assalaam alaykum. Kwetu Makunduchi mambo yamekaa kinyume kidogo. Julai huwa tuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi, wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinatiwa moto, na baada ya hapo watu wanakula majumbani. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba nyumba iliyokosa mgeni siku ile haina heri, kwa hiyo sisi wenyeji ndio tunaotoka barabarani kumtafuta wa kumlisha. Mwaka huu walitujia marafiki wanne wa Bara, na mke wangu aliwaambia mapema kwamba anayetaka kula akune nazi. Wawili hawakuwahi kukalia mbuzi maishani mwao. Walikuna, wakajikata vidole, na hadi leo wakipiga simu wanamwulizia yeye kwanza kabla yangu.

Nasaha ya safari ni hii: msimu wa kusi bahari hailali, na boti inaporudi Dar es Salaam huwa inaukabili upepo. Msiwashibishe wageni wenu asubuhi ya kuondoka. Mimi niliwashibisha, na mmoja hajanisamehe.

Mleta mada, Dar es Salaam

Nimesoma yote, na ile ya kukuna nazi nimeisoma kwa sauti ili mke wangu aisikie. Jumamosi ijayo ni zamu yetu: watu wanane wanakuja, na tumekubaliana kwamba nitakwenda sokoni mimi, wali utapikwa na wageni wa Morogoro, naye atakaa sebuleni. Amesema ataamini akiona. Mama wa Muheza, shikamoo; nina safari ya Pangani wiki inayofuata, nami ningependa kupita, safari hii kwa kupiga simu kwanza. Je, machungwa bado yapo?

Mama wa Muheza

Marahaba. Yamebaki machache ya mwisho, nitakuwekea. Mpo wangapi, na mnalala au mnapita kweli?