Kulala ndani ya gari pwani ya Malindi: siku 6 zatosha?

Mama wa Nakuru aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tuling'oa viti vya basi dogo la abiria, tukatia kitanda, jiko la gesi na friji ndogo, na Desemba hii shule zikifungwa tunakusudia kushuka nalo Malindi pamoja na watoto wetu wenye umri wa miaka 9 na 6. Tumepata kambi iliyo ukingoni mwa bahari, kusini mwa mji, inayokodisha nafasi za magari ya kulala pamoja na umeme na maji. Tuna siku 6. Tungependa kuiona hifadhi ya bahari, Magofu ya Gede, Watamu na korongo la Marafa, kisha tuliendeshe gari hadi Lamu tukalale humo usiku mmoja. Je, mpango huu unawezekana, na ni mambo gani tuyaulize kambini kabla ya kulipa?

Mkaazi wa Shela, Malindi, alijibu:

Karibuni sana, mama. Lamu iondoeni katika safari hii. Barabara ya kupitia Garsen na Witu ni zaidi ya kilomita 200, nayo inaishia Mokowe. Hapo gari hubaki bara nanyi mkavuka kwa mashua, kwa sababu vichochoro vya mji ule ni vya miguu na punda. Gari mlilolihangaikia hivyo litalala peke yake gatini, nanyi mtalipia chumba. Lamu inastahili safari yake, bila gari.

Zilizobaki zipangeni kwa maji, wala msizipange kwa umbali. Tazameni mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo penye bamvua, yaani maji hupwa na kujaa kuliko kawaida, na siku hizo maji ya hapa kwetu hukauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, tofauti ya kupwa na kujaa ikizidi mita 3. Huo ndio wakati wa kwenda na mashua ya kioo hifadhini, maana matumbawe huwa karibu na uso wa maji na fungu la mchanga la Mayungu huibuka, watoto wakacheza katikati ya bahari. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, kwa hiyo mkija wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi wala hayajai sana, saa hizo hazitawafaa. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Fungueni akaunti mkiwa bado nyumbani.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi: mvua za vuli zikinyesha bara, mto Sabaki hushuka na udongo mwekundu, na upepo wa kaskazi, unaoanza majira hayo hayo, huusukuma udongo huo kusini kuelekea mjini. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, huelekea Mambrui, kaskazini mwa mto. Basi mkiikuta bahari ya Malindi ina rangi ya chai ya maziwa msikate tamaa. Nendeni Watamu, ambako maji mara nyingi huwa safi zaidi.

Dereva wa Voi alijibu:

Nami husafiri na gari la namna hiyo, kwa hiyo nitajibu la kambi. Ulizeni kwanza kama maji ya bomba lao ni ya mfereji au ya kisima, kwa kuwa visima vingi karibu na ufuo vina chumvi, navyo havifai kwa chai wala kwa tangi la gari. Ulizeni pia mtamwaga wapi maji machafu. Katika kambi moja niliyolala mwaka jana tulihakikishiwa umeme usiku kucha, kumbe magari matano yalikuwa yamechomekwa kwenye ekstensheni moja. Mwenzetu alipowasha birika la umeme tukaingia gizani sote, na samaki wangu wakaharibika.

Msiegeshe chini ya mnazi hata kivuli kikiwa kizuri namna gani. Dafu likianguka halichagui kati ya kioo na kichwa. Mvinje ni salama zaidi. Mchanga mkavu nao hauna huruma kwa gari zito: pitieni kwanza kwa miguu, mhakikishe ardhi ni ngumu. Mkirudi Nakuru, liosheni gari chini kabisa kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi hula chuma polepole.

Mama wa Nakuru aliandika:

Ahsanteni sana. Lamu nimeifuta, ingawa baba watoto amenuna kidogo. Kati ya Gede na Marafa, ipi iende asubuhi?

Mkaazi wa Shela, Malindi, alijibu:

Mpe pole baba watoto. Gede iwe asubuhi, kabla ya joto. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, mji mzima wa mawe uliohamwa kufikia karne ya 17 na kumezwa na msitu, wenye msikiti mkuu, kasri na visima. Tangu 2024 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Fungeni madirisha ya gari, kwa maana kima wa pale wanajua ndizi huwekwa wapi. Kutoka hapo mnaweza kuteremka kwenye hori ya Mida mkatembee kwenye daraja la mbao kati ya mikoko; maji yakiwa yametoka, ndege huwa wengi matopeni.

Marafa, ambako Wagiriama hupaita Nyari, nendeni alasiri. Genge lile huwa jeupe mchana, na jua likianza kushuka ndipo wekundu na rangi ya machungwa hujitokeza. Ila ondokeni mapema mkalivuke daraja la Sabaki kungali na mwanga, kwa sababu usiku njia ile ina ng'ombe wengi na pikipiki zisizo na taa.