Yule jamaa wa kijiweni aliyemtukana Thabeet leo, ukome!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua, ndiye yule mjuaji wa kila mchezo kuanzia bao hadi ngumi. Leo kafungua mdomo mbele ya watoto wanaojifunza kikapu, eti Hasheem Thabeet ni nguzo ya umeme isiyo na waya. Nguzo! Halafu akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mtoto wa Dar hii hii, futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kubwa ya kikapu Marekani! Drafti ya 2009, timu za NBA zinapochagua chipukizi kwa zamu, Memphis Grizzlies walimchukua wa pili. James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba, mastaa wote hao nyuma yake. Nilipomwambia akajibu, "Ndiyo maana Memphis wanajuta mpaka leo." Na watoto wakacheka naye! Nikaona giza.

Pale Chuo Kikuu cha Connecticut, kuingia na mpira chini ya ringi ilibidi uage kwenu kwanza. Mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo vya huko Marekani, 2008, akarudia 2009. Januari 2009 dhidi ya Providence: pointi 15, ribaundi (kudaka mpira uliokosa ringi) 11, bloku (kuzuia mpira uliorushwa) 10. Bloku kumi, mechi moja! Nguzo gani inaruka? Bado hujahesabu waliofika chini ya ringi, wakamwona, wakarudisha mpira nje. Hao hawaandikwi popote, na ndiyo kazi yenyewe ya ulinzi.

NBA dakika zilikuwa chache, Memphis walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi ile ile. Akashushwa ligi ya chini, akapita Houston, Portland, Oklahoma City, baadaye Japani na Taiwan. Huyo anayecheka kavuka hata Chalinze?

Isiyo na waya! Mbele ya watoto!

Kiduku_Tandale: Kunywa maji mkuu. Ila pointi 2.2 kwa mechi NBA, hata mimi ningecheka.

Mwanzisha uzi: Mlinzi unampima kwa pointi? Wewe na yule ni baba mmoja mama mmoja.

Shangazi wa Mbagala: Huyo jamaa si ndiye aliyebisha kwamba Mutombo ni Mnigeria? Mkongo wa watu, mlinzi bora NBA mara nne! Akaapa na kuapa.

Kiduku_Tandale: Hahaha, ndiye. Bado ana deni la kahawa pale.

Ringi_Kavu: Mnagombana wakati viwanja vinaisha. Mtaani kwetu ringi imeng'olewa, sasa wanauza mitumba. Thabeet mwingine atatokea wapi?

Baba Salma: Afadhali nyie. Huku Kimara nguzo yenyewe, yenye waya, imelalia paa langu. Nimeripoti mpaka nimechoka.

Mwanzisha uzi: Jamani, huu uzi ni wa Thabeet. Kasema mbele ya watoto!

Mbezi_Juu: Baba Salma piga picha uweke hapa. Sisi umeme upo, maji ndiyo hadithi. Yakitoka ni saa nane usiku, mnaamka ukoo mzima na ndoo.

Shangazi wa Mbagala: Boza nao wamepandisha bei, na wanaleta ya chumvi.

Baba Salma: Ya chumvi hata chai haikolei. Mbezi_Juu, nyie mnanunua kwa nani?