Naomba ushauri: AC inatoa baridi gari likikimbia, joto gari likikwama kwenye foleni

Wataalamu wa AC za magari, naomba msaada wenu. Gari ni Toyota ya 2007, injini ya 1500cc. Likiwa Thika Road kwa kasi ya 80, AC inatoa hewa ya nyuzi 7. Likifika foleni ya Globe, Nairobi, dakika nne tu hewa imepanda hadi 22.

Gesi si tatizo. R134a (gesi ya AC) ilitolewa yote, mfumo ukavutwa vakyumu (hewa yote nje) dakika 40, ikajazwa kwa mizani kufuata stika ya boneti. Kwa hivyo tafadhali msishauri kuongeza gesi, hilo litaua kompresa (pampu ya AC). Gari likiwa sailensa (limesimama, injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), geji ya presha ya chini inasoma psi 58, ya presha ya juu 320. Kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) ikimwagiwa maji, ya juu inashuka hadi 210 na baridi inarudi papo hapo. Mapezi yake yameoshwa, hayana matope.

Kinachonitatiza ni feni za kupoza kondensa. Zote mbili zinazunguka, lakini polepole: betri ina volti 13.8, kila feni inapata 6.8. Yaani bado zinagawana umeme, hazihamii kasi ya juu hata presha ikipanda hivyo. Fyuzi ni nzima.

Je, nianze na relei (swichi ya umeme) ya kasi ya juu ya feni au swichi ya presha, inayohisi presha ya gesi? Nikiunganisha waya za swichi kwa majaribio, kompyuta ya gari itadhurika? Na relei ya mtumba pale Kirinyaga Road, naipimaje kabla ya kulipa?